Treni Hulala Wapi?



Umewahi kusafiri kwa treni mpaka mwisho wa safari? Ukifika unashuka, unajitwika mzigo wako, unamtafuta mwenyeji wako, unakwenda zako. Treni unaiacha imesimama pale pale. Baadaye ukipita stesheni, treni haipo. Siku ya safari ipo tena. Imefagiwa, ina maji, inangoja abiria wengine. Je, muda wote ule ilikuwa wapi? Nani aliiondoa? Nani aliirudisha?

Swali hili tuliulizwa na mama mmoja katika darasa letu la watu wazima. Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema, "Kwani treni ni ng'ombe hata iwe na zizi?" Lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alisimama taratibu akasema, "Zizi lipo. Nimelichunga miaka 26."

Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa reli. Sasa amestaafu, analima. Kazi yake haikuwa kuendesha treni, wala kukata tiketi. Alikuwa mtu wa kupanga mabehewa, kuyafunga na kuyafungua, mchana na usiku, jua na mvua. Siku ile hatukusoma somo tulilopanga. Tulimsikiliza yeye.

Leo tunawaeleza aliyotuambia, pamoja na mambo tuliyoyajua kwa kusoma. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaishi karibu na reli na hatuijui. Pili, kutoijua reli kunaua watu.

ZIZI LA TRENI

Stesheni ina njia chache za reli ambazo treni husimama ili abiria wapande na kushuka. Treni moja ikikaa hapo kutwa, nyingine itaingia wapi? Kwa hiyo abiria wakisha shuka, treni lazima iondolewe. Hupelekwa kwenye njia za pembeni. Njia hizi ziko kando ya stesheni, au mbali kidogo. Huko mabehewa hulazwa, husafishwa, hukaguliwa na kutengenezwa.

Treni inayokwenda huko haina abiria. Ni treni tupu. Haimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Hakuna anayeipungia mkono. Lakini bila safari hiyo fupi ya treni tupu, safari ndefu ya abiria haiwezi kuwapo. Ni kama mama anayeosha sufuria usiku. Anayekula asubuhi haoni kazi ile, ila anakula katika chombo safi.

Kazi ya kuyapanga mabehewa, kuyasukuma huku na kuyavuta kule, wafanyakazi wa reli huiita kushanti.

KAZI YENYEWE

Mzee alitueleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Nasi tunaipanga hivyo hivyo.

1. Kukagua ndani. Abiria wote wakisha shuka, mtu hupita behewa kwa behewa. Huangalia chini ya viti, vyooni na kwenye vitanda. Mzee alisema, "Behewa tupu si tupu mpaka umelikagua." Waliwahi kukuta kuku amefungwa miguu, mtungi wa samli, kiatu kimoja cha mtu mzima. Siku moja walikuta mtoto wa miaka minne amelala fofofo chini ya kiti. Mama yake alikuwa nje analia, anadhani ameibiwa. Kama wasingekagua, mtoto yule angeamkia gizani, mbali na watu, kati ya mabehewa yanayosukumwa.

2. Kufungua injini. Injini iliyoleta treni huwa imechoka na safari. Inahitaji mafuta na ukaguzi. Hufunguliwa, ikaenda kwenye karakana yake. Injini nyingine, ya kushanti, huja kuchukua mabehewa.

3. Kufunga na kufungua viungio. Hapa ndipo penye hatari. Mtu huingia kati ya behewa na behewa. Hufungua bomba la upepo na kiungio cha chuma. Dereva yuko mbali, hamwoni. Kwa hiyo kuna sheria moja kubwa: mtu akiwa kati ya mabehewa, injini haisogei hata inchi moja mpaka yeye mwenyewe ametoka na kutoa ishara.

4. Kutoa ishara. Mchana hutumia bendera au mikono. Usiku hutumia taa. Nyekundu ni simama. Kijani ni njoo, au nenda. Taa ikizimika au isipoonekana, dereva husimama. Asiyeona ishara hana ruhusa ya kubahatisha.

5. Kufunga breki ya mkono na kuweka kabari. Behewa likifika mahali pake, mtu huzungusha gurudumu la breki ya mkono mpaka libane. Kisha huweka kabari chini ya magurudumu. Hatua hii ni fupi, lakini tutaona kwamba ndiyo inayobeba roho za watu.

6. Kufagia, kuosha, kujaza maji, kupima breki na kutengeneza kilichovunjika. Halafu kazi yote hurudiwa kwa kinyume. Mabehewa hufungwa tena, breki hupimwa, treni tupu hurudishwa stesheni. Abiria wanaingia na kusema, "Treni imefika mapema leo." Hawajui kwamba watu hawakulala.

MFANO WA LONDON

Kazi hii iko popote penye reli. Tuchukue mfano wa Uingereza, nchi iliyotangulia kuwa na treni za abiria.

Katika mji wa London kuna stesheni iitwayo Paddington. Jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1854. Mji ulikua, treni zikaongezeka, nafasi ikawa ndogo. Mwaka 1906 kampuni ya reli ya Great Western ilifungua karakana kubwa mahali paitwapo Old Oak Common, kilometa zipatazo 5 kutoka Paddington. Hapo palikuwa na nyumba kubwa ya injini, na njia nyingi za kulaza mabehewa.

Kila siku injini ndogo za mvuke zilivuta mabehewa matupu kutoka Old Oak Common mpaka Paddington. Sasa fikiri. Njia za stesheni ile zina mwisho, kama kichochoro kisicho na mlango wa pili. Injini ndogo ikiingia mbele, inafungiwa huko ndani. Mabehewa yako nyuma yake. Itatokaje?

Ilikuwa hivi. Injini kubwa ya safari ilikuja na kufungwa upande wa pili wa mabehewa. Abiria wakapanda. Treni ikaondoka. Mara nyingi injini ndogo iliisukuma kidogo kutoka nyuma, ili kumsaidia mkubwa kuanza mwendo. Kisha ikabaki yenyewe kwenye njia. Ikingoja ishara, ikatoka, ikaenda kuchukua mabehewa mengine.

Wakati wa baridi kali, kazi ilikuwa kubwa zaidi. Mabehewa yalipashwa joto kwa mvuke wa injini kabla abiria hawajaingia. Abiria alikuta joto, akavua koti, akasoma gazeti lake. Hakujua kwamba kuna mtu aliyefunga bomba lile la mvuke kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Injini za mvuke ziliondolewa katika njia zile mwaka 1965, zikaja za dizeli. Nazo zikapita. Leo, mahali palipokuwa sehemu kubwa ya karakana ile, panajengwa stesheni kubwa ya reli mpya ya mwendo kasi. Waliofanya kazi pale usiku sasa ni wazee wenye kumbukumbu. Mzee wetu aliposikia habari hizo alisema, "Kumbe wenzangu wako mpaka Ulaya!"

NJIA ZETU

Reli yetu ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni kilometa zipatazo 1,250. Amri ilikuwa ya Mjerumani, lakini jasho lilikuwa la Waafrika. Tawi la kutoka Tabora mpaka Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza.

Mtu aliyesafiri kwa reli hiyo anaikumbuka Tabora. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Mabehewa ya Kigoma hutenganishwa na mabehewa ya Mwanza. Abiria anasikia mtikisiko, "gu!", anaamka. Anaona behewa lake linarudi nyuma, anadhani amerudishwa Dar es Salaam. Sivyo. Watu wa kushanti wako kazini. Wanachukua behewa lake kutoka ndugu zake hawa, wanalifunga kwa ndugu zake wale.

Siku hizi mambo yanabadilika. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katika reli mpya ya kisasa. Zipo treni za aina hiyo zenye chumba cha dereva kila upande. Treni kama hiyo ikifika mwisho, haihitaji kuzungushiwa injini. Dereva huhamia upande wa pili. Hata hivyo, nayo lazima ilale mahali. Nayo lazima ioshwe, ikaguliwe, ipimwe breki. Zizi limebadilika, lakini zizi lipo.

BREKI YA UPEPO INAFANYAJE KAZI?

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Treni nyingi hutumia breki za upepo. Breki ya upepo inayojibana yenyewe ilibuniwa na Mmarekani aitwaye George Westinghouse mwaka 1872.

Inafanya kazi hivi. Injini husukuma upepo katika bomba linalopita chini ya mabehewa yote. Kila behewa lina tangi lake la upepo. Bomba likijaa upepo, breki hulegea na magurudumu huwa huru. Dereva akitaka kusimama, hupunguza upepo katika bomba. Hapo upepo uliomo katika tangi la kila behewa husukuma breki, magurudumu yanabanwa.

Uzuri wake ni huu: treni ikikatika njiani, bomba nalo hukatika. Upepo hutoka, breki zinajibana zenyewe. Mabehewa husimama bila ya kungoja mtu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Behewa likitengwa na injini na kuachwa, upepo katika tangi lake huvuja kidogo kidogo. Baada ya muda tangi huwa tupu. Upepo ukiisha, breki imekwisha. Behewa ulilolikuta limesimama imara jioni, laweza kuwa huru usiku. Kama reli ina mteremko, hata mdogo usioonekana kwa macho, litaanza kwenda lenyewe. Halina injini, kwa hiyo halina mlio. Halina taa wala honi.

Ndiyo sababu ya breki ya mkono. Ndiyo sababu ya kabari.

KADI NYEUPE

Hapa mzee alinyamaza kidogo. Kisha akatueleza jambo ambalo, alisema, hakuwahi kulisema mbele ya watu.

Ilikuwa usiku wa mvua, katika stesheni moja ambayo hatutaitaja. Walikuwa wanalaza mabehewa manne. Behewa la mwisho lilikuwa limefungwa kadi nyeupe kwenye gurudumu la breki ya mkono. Kadi hiyo ilikuwa na maneno manne: BREKI YA MKONO MBOVU.

Mzee hakujua kusoma. Wakati ule watu wa usafi nao walitumia kadi nyeupe, kuonyesha behewa lililokwisha oshwa. Aliiona kadi, akadhani ni ya usafi. Alizungusha gurudumu la breki, akaona linazunguka, akaridhika. Mvua ilikuwa kubwa, alikuwa na haraka, hakuweka kabari. Alilifungua behewa lile kutoka kwa mengine, akatoa ishara kwa taa. Injini ikaondoka na yale matatu.

Behewa likakaa. Halafu likaanza kwenda, pole pole, kama mtu anayenyata. Chini yake, kwenye njia hiyo hiyo, mwenzake alikuwa ameinama kati ya mabehewa mawili mengine, anafunga bomba. Mzee alipiga kelele. Mvua ilimeza sauti. Alikimbia, akaokota kabari, akaitupa chini ya gurudumu. Ikapunguza mwendo, haikulisimamisha. Mwenzake aliona mwanga wa taa unacheza cheza, akajitupa nje. Alipona roho yake. Mkono wa kulia haukupona.

"Nilijua kusoma taa," mzee alisema. "Nilijua kusoma bendera. Nilijua kusoma hata mlio wa gurudumu, nikakwambia hili lina ufa. Maneno manne ndiyo yaliyonishinda. Na sikumwambia mtu kwamba sikuyasoma. Nilisema sikuiona kadi, kwa sababu ya mvua."

Darasa lilikaa kimya. Tukamwuliza, yule mwenzako yuko wapi? Alisema alifariki miaka mingi baadaye, kwa maradhi. Walikuwa wakitembeleana. "Alikufa anadhani ni mvua," alisema.

Tulimwuliza kama tunaweza kuandika habari hii. Alisema, "Andikeni. Jina langu acheni. Lakini andikeni."

Hatukuandika ili kumhukumu. Kosa halikuwa lake peke yake. Kadi mbili zenye maana mbili zilikuwa na rangi moja. Mtu asiyejua kusoma alipewa kazi yenye kadi za kusoma, na hakuna aliyemwuliza. Naye aliona aibu kusema. Jambo kubwa huanza kwa mambo madogo kama hayo, yakikutana usiku mmoja.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mwenzake mzee alipona. Wengine hawakupona.

Mwaka 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watoto na wazazi waliokwenda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kuigawa. Mabehewa ya nyuma waliyaacha mlimani kwa breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu. Injini ilipoanza kuondoka na mabehewa ya mbele, ilirudi nyuma kidogo ikayagusa yale ya nyuma. Mawe yakasagika. Mabehewa yakashuka kwa kasi, yakagongana na treni nyingine iliyokuwa ikija. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwamo watoto. Breki za treni ile hazikuwa za kujibana zenyewe. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria ziwe na breki za kujibana zenyewe.

Mwezi Julai mwaka 2013 huko Kanada, treni ya mizigo yenye matangi ya mafuta iliachwa usiku juu ya mteremko bila mtu. Injini ilizimwa, upepo ukavuja. Breki za mkono zilizofungwa hazikutosha. Treni ilishuka yenyewe mpaka mji mdogo wa Lac-Mégantic, ikaanguka na kuwaka moto. Watu 47 walikufa.

Na sisi Tanzania hatujasahau tarehe 24 Juni 2002. Kule Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ile haikuwa treni tupu, wala haikuwa imelazwa. Lakini inatufundisha neno lile lile: chuma kizito juu ya mteremko hakina huruma.

TUFANYE NINI SISI WA VIJIJINI?

Hatufanyi kazi ya reli, lakini tunapita, tunachunga na watoto wetu wanacheza karibu nayo. Basi tushike haya:

1. Tusipite chini ya mabehewa yaliyosimama, wala kati yake. Injini inaweza kuwa mbali, upande usiouona. Ikigusa behewa la kwanza, na la mwisho husogea.

2. Tusiwaache watoto kucheza katika mabehewa yaliyolazwa. Mtoto akizungusha gurudumu la breki kwa mchezo, ameifungua kazi ya mtu mzima.

3. Tusiondoe kabari, jiwe au kipande cha mti kilichowekwa chini ya gurudumu. Hakikuanguka hapo. Kimewekwa.

4. Tusinunue wala kuuza vyuma vya reli. Kila msumari na kila bomba lina kazi yake. Anayeuza chuma cha reli kama chuma chakavu anauza roho za watu, pengine za ndugu zake.

5. Tukivuka reli, tuangalie pande zote mbili, hata kama hatusikii mlio. Mabehewa yanayosukumwa huja kimya, na injini iko nyuma yake.

6. Tukisafiri na watoto, tuwahesabu kabla ya kushuka. Tuangalie chini ya viti.

7. Tukiona kadi, kibao au maandishi, tuyasome. Tusipoyaelewa, tuulize. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujifanya umesoma.

Mzee wetu sasa anasoma vizuri, ila anasoma kwa sauti na polepole. Anafuata maneno kwa kidole. Juma lililopita alisoma mbele ya darasa karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuku. Alipofika mwisho, alirudi mwanzo akaisoma tena yote. Tukamwuliza kwa nini anarudia, maana alikwisha soma sawasawa. Akajibu, "Nahakikisha."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini treni ya abiria haiwezi kukaa stesheni kutwa nzima?

2. Behewa lililosimama imara jioni linawezaje kuondoka lenyewe usiku? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

3. Katika habari ya kadi nyeupe, taja mambo yote yaliyosababisha ajali. Lipi lilikuwa rahisi kuliko yote kulizuia?

4. Je, katika kijiji chako ziko kazi ambazo mtu asiyejua kusoma anaweza kujidhuru au kumdhuru mwenzake? Mfikirie mtu anayepulizia dawa za pamba, anayepima dawa za mifugo, anayewasha mashine ya kusaga. Tumsaidieje bila kumtia aibu?